Msimulizi Asiyependeka: Tusiruke Kurasa Zake

Aghalabu msomaji huichukua riwaya ya upelelezi akitarajia mbio: maiti katika ukurasa wa kwanza, mshukiwa katika ukurasa wa tano. Matarajio hayo huwafanya baadhi yetu kuiweka kando The Moonstone ya Wilkie Collins, iliyochapishwa mwaka wa 1868. Humo almasi inaibwa usiku wa siku ya kuzaliwa ya Rachel Verinder, kisha habari inatambaa polepole, ikipokezwa kutoka kwa msimulizi mmoja hadi mwingine. Kila mmoja anatakiwa kueleza yale tu aliyoyashuhudia.

Aliye mgumu zaidi kuvumilika miongoni mwao ni Drusilla Clack, jamaa fukara wa familia hiyo anayejiona mcha Mungu kuliko wote. Lady Verinder anapomfunulia siri kwamba anaugua maradhi hatari ya moyo, Clack hamliwazi. Anaficha vijitabu vya dini katika vyumba vya mgonjwa. Baadaye anajibanza nyuma ya pazia na kusikiliza posa isiyomhusu.

Niliposoma riwaya hii mara ya kwanza, niliziruka kurasa zake. Nilikosea.

Clack ana mazoea ya tangu utotoni ya kuandika shajara kila siku. Kwa hivyo, tarehe na maneno anayoyanukuu yanaaminika. Kilichopinda ni tafsiri yake. Chukua mfano mmoja. Godfrey Ablewhite anaposhukiwa na watu, Rachel anatamka kwa ukali kwamba anajua Godfrey hana hatia. Clack haoni hapo ila utovu wa adabu wa msichana anayemchukia. Msomaji makini hujiuliza: Rachel amejuaje? Swali hilo ni ufunguo wa fumbo, nasi tumekabidhiwa na mtu asiyejua thamani yake.

Hapa ndipo mwendo wa taratibu unapofaa. Msomaji anapata nafasi ya kutenga tukio na hukumu ya anayelisimulia. Hata Bwana Msa, katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960) ya Muhammed Said Abdulla, hutegemea kusikiliza na kufikiri kuliko kukimbizana.

Katika uhakiki wetu, mara nyingi tunaandika kwamba msimulizi ni mnafiki, kisha tunafunga mjadala. Kauli hiyo ingekuwa mwanzo wa kazi. Msimulizi si mwandishi, na chuki yetu kwake si hoja. Tumwulize kwanza aliona nini, ndipo tumwulize kwa nini alikiona hivyo.