Choo cheusi kama lami si cha kusubiri kesho

Mtu akitapika damu, majirani wote wa Majengo hukimbia kutafuta bodaboda. Akipata choo cheusi, kinachonata kama lami na kunuka vibaya kuliko kawaida, yeye mwenyewe hunyamaza. Hudhani ni chakula. Kumbe mara nyingi ni damu ile ile: imevuja tumboni, ikabadilika rangi njiani.

Chanzo kikubwa ni vidonda vya tumbo. Wengi wetu bado tunalaumu pilipili na mawazo, lakini mwaka 1982 Barry Marshall na Robin Warren wa Australia waligundua bakteria anayevisababisha, na mwaka 2005 wakapewa Tuzo ya Nobel. Kisababishi kingine tunakinunua wenyewe dukani: diklofenaki, ibuprofeni na aspirini, tunazomeza mgongo ukiuma baada ya kulima au kubeba mikungu ya ndizi. Dawa hizi hupunguza ute unaokinga ukuta wa tumbo. Ukizimeza siku baada ya siku, kidonda kinaweza kuvuja hata kama hukuwahi kusikia maumivu.

Kwa wanaolima mpunga Mabogini na Chekereni, chini ya mji, kuna pia kichocho cha tumbo. Mayai ya minyoo hujeruhi ini, damu ikakosa njia, mishipa ya koo la chakula ikavimba hadi kupasuka. Pombe ya miaka mingi na homa ya ini aina ya B huweza kufikisha hapo hapo. Mgonjwa huyu hatapiki kijiko, hutapika beseni.

Hospitalini huanza na dripu, na damu ikihitajika. Ndiyo maana ndugu huombwa kuchangia. Hufuata dawa ya kupunguza asidi, kisha mpira mwembamba wenye kamera hupitishwa mdomoni, kipimo kinachopatikana KCMC. Kwa mpira huo daktari huziba kidonda au huufunga mshipa. Bakteria akionekana, mgonjwa hupewa antibiotiki, na lazima amalize dozi.

Vidonge vya madini chuma vya wajawazito navyo hugeuza choo kuwa cheusi; mwambie mhudumu kama unavitumia. Damu nyekundu mara nyingi ni bawasiri, ila mtu mzima apimwe kwanza, maana saratani ya utumbo huanza hivyo hivyo.

Choo cheusi kikiambatana na kizunguzungu, jasho la baridi au moyo kwenda mbio, ondokeni saa hiyo hiyo, hata usiku. Msimpe dawa ya maumivu. Bebeni pakiti za vidonge vyote alivyokuwa akimeza.