Mrekodi Bibi, Usirekodi Friji!

Sauti ya mtu unayempenda haina marudio. Jifunze kuinasa safi kwa maiki ya kifuani na rekoda ya mfukoni, kabla hujachelewa kama sisi.

Agosti 2018 bibi yake mume wangu aliteremka kutoka Kibosho, akaja kukaa nasi Soweto, hapa Moshi, ili awe karibu na kliniki yake ya KCMC. Jioni moja baada ya chakula akawa amechangamka, akaanza kutusimulia alivyoposwa. Akaenda mbali, mpaka enzi za kukata majani ya ng'ombe alfajiri, na mwisho akaimba wimbo wa Kichaga ambao mume wangu hakuwahi kuusikia tangu azaliwe. Mimi, mhariri mzima mwenye digrii yangu ya mawasiliano, nikachomoa rekoda ninayofanyia mahojiano, nikaiweka mezani. Taa nyekundu ikawaka. Nikajua kazi imekwisha.

Bibi alifariki Januari iliyofuata. Tuliporudi kutoka msibani tukakaa wawili sebuleni kumsikiliza.

Mpenzi msomaji, tulichemsha. Kilichosikika kwanza ni friji likiunguruma. Kisha vijiko, kisha bajaji ikipita nje. Kisha mimi: "Ehee! Kumbe! Ehee!" Kisha mume wangu akininong'oneza kwamba nimesahau kuzima jiko. Sisi wawili tulisikika kama watangazaji wa redio. Bibi alikuwa mbali kabisa, kama anaongea kutoka chini ya kisima, na ule wimbo haukutoka kabisa. Mume wangu akavua hedifoni, akaenda kusimama getini. Hakunilaumu hata kwa neno moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Kosa lilikuwa wapi?

Rekoda haikuwa mbovu. Masikio yetu yana akili: ukikaa na mtu unayempenda, ubongo unalisukuma friji pembeni na kukuletea sauti yake. Maiki haina upendeleo huo. Inachukua kila kinachoifikia, na kinachoifikia kwa nguvu zaidi ndicho kinachoshinda. Rekoda ilikuwa karibu nasi, Bibi alikuwa upande wa pili wa meza, kama mita moja na nusu hivi. Basi tukajirekodi wenyewe.

Hesabu yake ni rahisi. Kila unapopunguza nusu ya umbali kati ya mdomo na maiki, sauti ya msemaji inapanda kwa desibeli 6 hivi, wakati friji linabaki palepale lilipokuwa. Ukitoka mita moja na nusu mpaka sentimita 20, umempandisha msemaji kwa zaidi ya desibeli 15. Hakuna programu ya kompyuta itakayokupa zawadi kama hiyo baadaye.

Hapo ndipo inapoingia maiki ya kifuani, ile ndogo kama punje ya harage inayobanwa kwenye nguo kwa klipu, kama unavyoona kwa watangazaji wa runinga. Nyingi kati ya hizi husikia pande zote, kwa hiyo usihangaike sana inaelekea wapi. Kinachoiokoa ni ukaribu wake na mdomo, basi.

Kabla ya kununua

Zoom, Tascam na Sony wote wametengeneza rekoda ndogo zinazofaa. Hata simu yako inaweza kuanza kazi. Lakini dukani angalia pini ya maiki: hesabu zile pete nyeusi. Pini ya maiki za simu huwa na pete 3, ya maiki za rekoda na kamera huwa na pete 2. Ukichanganya bila adapta unaweza kupata ukimya mtupu, au sauti nyembamba yenye mvumo, ukadhani umeuziwa feki.

Jambo la pili: maiki nyingi za aina hii hazina betri, zinategemea umeme kidogo kutoka kwenye rekoda. Ingia kwenye menyu, washa umeme wa maiki. Watu wengi wamerudisha maiki nzima dukani kwa sababu hiyo tu.

Kuivalisha

Shika kidevu cha msemaji kwa macho tu (hasa kama ni mama mkwe!), shuka kiganja kimoja, sentimita 15 mpaka 20. Hapo katikati ya kifua ndipo pake. Ukiiweka juu sana shingoni, kidevu kinaifunika sauti kila akiinama. Ukiiweka pembeni kwenye kola, akigeuka upande wa pili amepotea.

Adui mkubwa sasa ni nguo. Kitenge kipya chenye wanga, tai ya hariri, taiti na sketi za kung'aa, mikufu na rozari: vyote vinakwaruza. Nguo ya pamba iliyofuliwa mara nyingi ndiyo rafiki. Baada ya kubana, tengeneza kitanzi kidogo cha waya chini ya klipu na ukibandike kwa ndani kwa plasta ya hospitali, ili waya ukivutwa mvuto uishie kwenye kitanzi usifike kwenye maiki. Kama anapumua kwa nguvu, igeuze maiki itazame chini. Utashangaa inavyosikia vilevile.

Kuandaa chumba

Sebule zetu nyingi ni vigae, ukuta mtupu na dari ngumu. Sauti inadunda kama mpira. Studio bora ya nyumba yako ni chumba cha kulala: godoro, mapazia, kabati limejaa nguo, vyote vinanyonya mwangwi. Zima feni, zima runinga, chomoa friji (weka funguo za gari ndani yake, hutasahau kulirudisha kwenye umeme). Simu zote ziwekwe kwenye alama ya ndege, maana mlio wa "di-di-dit" unaingia hata kama simu imenyamazishwa.

Na kama mawingu yamefunga mlima, ahirisha. Mvua ikianza kupiga bati hakuna maiki itakayokusaidia.

Kuweka kiwango

Mwambie asimulie alichokula asubuhi, kwa sauti yake ya kawaida, kisha acheke. Kicheko ndicho kinachopasua rekodi. Rekebisha mpaka vilele vya sauti vifike kama desibeli 12 chini ya sifuri. Zima ule mfumo wa rekoda kujirekebisha yenyewe, kwa sababu msemaji akinyamaza unapandisha kelele za chumba, akianza kuongea unazishusha, na rekodi nzima inapumua kama mtu mwenye pumu. Rekoda za sasa zenye mfumo wa biti 32 floti zinavumilia sana makosa ya kiwango, lakini hazifuti friji. Washa pia kichujio cha sauti nzito, karibu na hezi 80, kinapunguza mvumo wa upepo na wa malori.

Rekodi kwa WAV, biti 24, kilohezi 48. Saa 1 ya maiki moja inakula megabaiti 520 hivi, kwa hiyo kadi ya gigabaiti 32 inakupa karibu saa 60. Weka betri mpya. Kisha vaa hedifoni na usizivue. Taa nyekundu inakuambia tu kwamba mashine inafanya kazi, haikuambii inarekodi nini.

Mwisho rekodi nusu dakika ya chumba kikiwa kimya. Programu ya bure kama Audacity hutumia kimya hicho kuutambua mvumo na kuupunguza.

Kwa wanaooana Desemba

Desemba huku kwetu ni msimu: Wachagga wanarudi nyumbani kula Krismasi na harusi zinafuatana kila Jumamosi. Video nyingi zina picha kali na kiapo kisichosikika, kwa sababu kamera ipo nyuma ya kanisa na matarumbeta yapo nje ya mlango.

Siri ni hii: mvalishe maiki bwana harusi, usimvalishe bibi harusi. Gauni lina shanga, shela na vitambaa vinavyokwaruzana, na halina mfuko. Koti la suti lina ukosi mgumu wa kubania na mfuko wa ndani wa rekoda. Wakati wa kiapo mnatazamana karibu sana, kwa hiyo kifua cha bwana harusi kitamsikia bibi harusi, na padri au mchungaji pia. Muombeni ruhusa mapema. Funga kitufe cha rekoda kisibonyezwe wakati wa kukumbatiana. Simu ya bwana harusi apewe msimamizi wake. Piga kofi moja mbele ya kamera mwanzoni, mtu wa video atalitumia kulinganisha picha na sauti.

Na tafadhali, ibada ikiisha mkumbushe kwamba bado amevaa maiki. Chooni nako inasikia.

Mara ya pili

Desemba 2019 tulipanda Kibosho kumrekodi mama mkwe. Mume wangu alitaka kukaa nje chini ya migomba, panapendeza kweli. Nikamvalisha hedifoni. Akasikia majani yanavyopigwa na upepo na maji ya mfongo yanavyokwenda, akainuka mwenyewe kuelekea chumbani kwa mama yake.

Tulimuomba Mama ruhusa, tukamuonyesha kitufe cha kuzimia ili ajue uamuzi ni wake. Zile "ehee" zangu nilizimeza. Kwa mila zetu mtu asipoitikia anaonekana hasikilizi, basi nikamweleza mapema kwamba nitaitikia kwa kichwa, naye akacheka.

Tulipomuuliza kuhusu marehemu baba mkwe, Mama alinyamaza. Nilimwona mume wangu ameinamisha kichwa, mikono imebana hedifoni. Aliniambia baadaye alikuwa akimsikia mama yake anavyovuta pumzi, na akajua kabla yangu kwamba atajibu. Akajibu, kwa dakika 20. Kisha mume wangu akamuuliza kama anaujua wimbo wa Bibi. Mama akaimba beti zote, maana walikuwa wakikata majani pamoja.

Katikati ya ubeti wa mwisho jogoo aliwika nje. Mume wangu alinitazama kama anauliza tusimamishe. Nilitikisa kichwa. Yule jogoo alikuwa mbali, chini kabisa ya sauti ya Mama, na ni wa pale pale nyumbani.

Siku hiyo hiyo tulinakili faili sehemu mbili, moja kwenye kompyuta, nyingine kwenye flashi aliyobaki nayo Mama. Wewe je, nyumbani kwenu nani ana habari ambazo hakuna mwingine anayezijua? Jumamosi hii mpigie simu umuulize atakuwa na nafasi lini.