Marejesho ya pesa kwa mnunuzi wa simu ni deni: Namna ya kuyadai katika Mahakama ya Madai Madogo

Bango mlangoni pa duka la simu huahidi jambo linaloeleweka upesi: nunua simu hii leo, na sehemu ya bei itarudishwa katika nambari yako ya pesa za simu baada ya siku 30. Mnunuzi hulipa bei kamili, huondoka na simu yake na kuanza kuhesabu siku. Siku 30 hupita, kisha 60. Anapopiga simu dukani huambiwa asubiri, na hatimaye simu haipokelewi tena.

Wengi hukata tamaa wakiamini kwamba Sh3,000 au Sh5,000 si fedha za kumpeleka mtu mahakamani. Imani hiyo ndiyo humfaidi muuzaji asiyetimiza ahadi, kwa kuwa kiasi ambacho ni kidogo kwa mnunuzi mmoja huwa kikubwa kikikusanywa kutoka kwa wanunuzi mia moja. Hata hivyo, sheria za Kenya zimeweka mahakama mahususi kwa madai ya namna hii, na mwananchi anaweza kuiendea bila wakili.

Zawadi au deni?

Baadhi ya wauzaji hudai kwamba marejesho hayo ni zawadi tu, na kwamba anayetoa zawadi hashurutishwi. Hoja hiyo haina nguvu pale ahadi ilipotolewa kabla ya mauzo na mnunuzi akalipa kwa kuitegemea. Hapo ahadi huwa sehemu ya mkataba wa mauzo. Aliyelipa Sh24,000 akiahidiwa kurudishiwa Sh3,000 amekubali, kwa hakika, kununua simu kwa Sh21,000. Tofauti hiyo ni fedha zake zilizo mikononi mwa mwingine.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kupata habari anazohitaji, kulindwa kwa maslahi yake ya kiuchumi na kufidiwa anapopata hasara. Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya mwaka 2012 inakataza maelezo ya uongo au ya kupotosha katika mauzo. Aidha, inaelekeza kwamba maneno ya mkataba yanapobeba maana zaidi ya moja yenye mantiki, yafasiriwe kwa manufaa ya mtumiaji. Kwa hiyo, iwapo tangazo halikueleza wazi kama siku 30 huhesabiwa kuanzia siku ya ununuzi au siku ya kusajili simu, utata huo haupaswi kumwumiza mnunuzi.

Hata hivyo, sheria haimwondolei mnunuzi wajibu wa kutimiza masharti yaliyoelezwa bayana. Ikiwa aliarifiwa kwamba ni lazima asajili nambari ya utambulisho wa simu, yaani IMEI yenye tarakimu 15, ndani ya siku 14, naye hakufanya hivyo, dai lake hudhoofika. Mitego mingi ya ofa hizi imo katika masharti hayo ya maandishi madogo. Mnunuzi anashauriwa kuyasoma kabla ya kulipa na kupiga picha ya tangazo zima, masharti yakiwemo, kabla halijabanduliwa ukutani au kufutwa mtandaoni.

Nani hasa aliahidi?

Kosa linalogharimu wadai wengi ni kumshtaki asiyehusika. Ofa moja inaweza kuwa na pande tatu: duka lililouza, kampuni iliyotengeneza simu na kampuni ya mawasiliano inayotoa laini. Anayedaiwa ni yule aliyeahidi kulipa. Jina lililo kwenye bango si lazima liwe jina la kisheria la biashara, hivyo mdai anapaswa kulinganisha jina lililo kwenye risiti na lile lililo katika kumbukumbu za Huduma ya Usajili wa Biashara, ambazo hutafutwa kupitia jukwaa la eCitizen.

Tatizo hili limeonekana pia ng'ambo. Nchini Uingereza, mauzo ya simu kwa ahadi ya marejesho yalishamiri katika muongo wa kwanza wa karne hii. Wateja wengi walikosa fedha zao, ama kwa sababu masharti yalikuwa magumu kupita kiasi au kwa sababu muuzaji alifilisika kabla ya siku ya malipo. Mwaka 2009, Ofcom, mamlaka inayosimamia mawasiliano nchini humo, iliweka kanuni za lazima kuhusu mauzo ya simu, zikiwemo zinazohusu marejesho hayo. Funzo kwa mnunuzi wa hapa ni kwamba hukumu nzuri haimsaidii mtu iwapo mdaiwa hana tena mali. Kuchelewa kudai kwaweza kuwa ndiko kupoteza.

Barua kabla ya kesi

Hatua ya kwanza ni barua ya madai. Barua hiyo itaje tarehe ya ununuzi, nambari ya risiti, ofa iliyotangazwa, kiasi kinachodaiwa na siku ambayo malipo yalipaswa kufanywa. Itoe muda maalumu wa kulipa, kwa mfano siku 14, na kueleza kwamba baada ya hapo dai litawasilishwa mahakamani. Ipelekwe kwa njia inayoacha ushahidi: kwa mkono na nakala kugongwa muhuri, au kwa barua pepe.

Barua hii huwa na faida mbili. Wadaiwa wengine hulipa mara tu wanapoona kwamba mteja ameshika kumbukumbu zake. Wasiolipa nao hawawezi baadaye kumwambia mwamuzi kwamba hawakujulishwa.

Mnunuzi anaweza pia kulalamika kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, ambayo hushughulikia matangazo ya kupotosha, au kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya iwapo mlalamikiwa ni kampuni ya mawasiliano yenye leseni. Malalamiko hayo husaidia kurekebisha mwenendo wa soko. Anayetaka amri ya kulipwa deni lake chini ya mkataba ataipata mahakamani.

Mahakama yenyewe

Mahakama ya Madai Madogo imeundwa chini ya Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya mwaka 2016. Ya kwanza ilianza kazi Milimani, Nairobi, mwezi Aprili 2021, na baadaye nyingine zikafunguliwa katika miji kama Mombasa, Kisumu, Eldoret, Thika na Machakos. Husikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, yakiwemo yanayotokana na mikataba ya kuuza bidhaa au kutoa huduma na yale ya fedha zilizopokewa na kuzuiliwa isivyo haki. Haisikilizi migogoro ya umiliki wa ardhi, ya ajira wala ya kuchafuliwa jina.

Kesi huamuliwa na mwamuzi, ambaye kwa mujibu wa sheria ni wakili wa Mahakama Kuu mwenye tajiriba ya angalau miaka 3. Mhusika anaweza kujieleza kwa Kiswahili. Asiyeweza kufika mwenyewe anaweza kuwakilishwa na mtu aliyemwidhinisha, mradi mwamuzi aridhike kwamba mtu huyo anaifahamu kesi na ana mamlaka ya kumfunga aliyemtuma kwa makubaliano yatakayofikiwa.

Dai huwasilishwa kwa kujaza fomu ya taarifa ya dai, katika mahakama ya eneo ambako mdaiwa anafanyia biashara au ambako mauzo yalifanyika. Fomu hupokewa kupitia mfumo wa kielektroniki wa Idara ya Mahakama, ambao hukokotoa ada ya kulipwa. Asiyekuwa na ujuzi wa mtandao anaweza kuomba msaada katika masjala ya mahakama. Maelezo yawe mafupi na yafuate tarehe. Mwamuzi anahitaji kujua kilichoahidiwa, kilicholipwa, masharti yaliyotimizwa na kiasi kilichobaki.

Baada ya hapo mdai humfikishia mdaiwa nakala za dai na kuthibitisha jambo hilo kwa hati ya kiapo. Mdaiwa hupewa siku 15 kujibu. Akikiri deni, mahakama hutoa hukumu kwa kiasi alichokiri. Asipojibu, mdai anaweza kuomba hukumu itolewe bila jibu lake. Ndiyo maana uthibitisho wa kufikisha nakala ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani: bila huo, hukumu iliyopatikana kwa ukimya wa mdaiwa inaweza kutenguliwa.

Ushahidi

Mahakama hii haibanwi na kanuni kali za ushahidi kama mahakama nyingine, lakini dai halithibitishwi kwa maneno matupu. Mdai afike na risiti ya ununuzi, ujumbe wa malipo ya simu, picha ya tangazo na masharti, uthibitisho kwamba alisajili simu kwa wakati, mawasiliano yake na muuzaji pamoja na barua ya madai. Taarifa ya akaunti yake ya pesa za simu kwa kipindi husika itaonyesha kwamba marejesho hayakuingia. Ujumbe wa simu usifutwe hata baada ya kuchapishwa, kwa kuwa mwamuzi anaweza kutaka kuuona ulivyo.

Siku 60

Sheria inataka kesi isikilizwe siku hiyo hiyo, au siku kwa siku hadi imalizike, na hukumu itolewe ndani ya siku 60 tangu dai lilipowasilishwa. Kuahirishwa huruhusiwa tu kwa sababu zisizo za kawaida ambazo hazingetarajiwa. Kwa hiyo si busara kuwasilisha dai kwanza na kutafuta risiti baadaye.

Wahusika wakikubali, mgogoro unaweza kumalizwa kwa maridhiano. Makubaliano hayo yaandikwe na kuingizwa katika kumbukumbu za mahakama, ili yakikiukwa yatekelezwe kama amri nyingine yoyote. Mdai anayekubali kulipwa nje ya mahakama asiondoe kesi kabla ya fedha kuingia.

Mwamuzi anaweza kuamuru mdaiwa alipe deni pamoja na gharama za kesi. Asiyeridhika anaweza kukata rufaa katika Mahakama Kuu, lakini kwa hoja za kisheria pekee. Mdaiwa asipolipa, mshindi huomba utekelezaji wa hukumu, ambao unaweza kuhusisha kukamatwa kwa mali au fedha zilizo benki. Mahakama inaweza pia kuruhusu deni lilipwe kwa awamu.

Kabla ya kuamua

Mwananchi apime gharama. Ada, nauli na siku ya kazi itakayopotea vinaweza kukaribia Sh3,000 zinazodaiwa, na gharama zinazorudishwa na mahakama huenda zisifidie kila kitu. Kwa sababu hiyo, barua ya madai iliyoandikwa vizuri ndiyo silaha ya kwanza, nayo kesi ifuate pale inapopuuzwa. Madai yanayotokana na mkataba yana ukomo wa miaka 6 tangu haki ya kudai ilipoanza, lakini kumbukumbu hupotea na biashara hufungwa mapema zaidi ya hapo.

Ni vyema pia kutofautisha deni na ulaghai. Mtu anayepiga simu akidai kwamba marejesho yako tayari, kisha akaomba nambari ya siri au atumiwe ada kwanza, hana nia ya kulipa. Asipewe chochote, na aripotiwe kwa polisi.

Kwa mnunuzi mwaminifu aliyetimiza sehemu yake, kesi hiyo huanza kujengwa siku ya kununua simu. Risiti aliyoitunza na picha ya tangazo aliyoipiga ndizo zitakazomthibitishia mwamuzi kwamba Sh3,000 hizo ni zake.