Njia ya Kupishania

Reli ya njia moja ni kitu cha ajabu kwa mtu akiifikiri vizuri, maana treni mbili zinazokabiliana juu yake haziwezi kukwepana kwa hiari ya madereva wao kama magari yanavyokwepana barabarani. Usukani hakuna, ukingo wa kusogelea hakuna, na chombo chenye uzito wa tani elfu moja, kikiwa katika mwendo wake, aghalabu hakisimami ndani ya upeo wa macho ya dereva. Hata hivyo, juu ya njia moja ya namna hii watu na mizigo wamekuwa wakienda na kurudi baina ya Dar es Salaam na bara tangu Wajerumani walipoanza kuijenga Reli ya Kati mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914. Na kadhalika juu ya reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 mpaka Kapiri Mposhi nchini Zambia, iliyojengwa kwa msaada wa China baina ya 1970 na 1975 na kukabidhiwa rasmi mwaka 1976. Siri ya jambo hili imo katika kipande kifupi cha reli ambacho wakazi wa Yombo na wa Pugu hukipita kila siku pasipo kukipa nadhari: ile njia ya pili inayozaliwa ubavuni mwa ya kwanza penye stesheni, ikafuatana nayo kwa mamia ya mita, kisha ikarudi kujiunga nayo. Watu wa reli huiita lupu. Kauli yangu katika makala haya ni kwamba uwezo wa reli nzima umo katika lupu zake, na kwamba kosa la kudharau mahali pa kungojea na pa kugeuzia, ambalo katika reli hudhihirika upesi kwa sababu lina hatari ya mauti, ndilo kosa lilelile tunalolitenda polepole katika barabara za mji huu wa Dar es Salaam.

Mfano wake ni uchochoro wa Tandika ambamo mikokoteni miwili imekutana uso kwa uso, mmoja umebeba madumu ya maji na wa pili mifuko ya saruji. Haipiti ila mmoja wao ujitie penye upenyo baina ya nyumba mbili, ungoje, mwenzake upite. Asiyejua atadhani kwamba aliyengoja amepoteza wakati wake, ilhali bila ya kungoja kwake wote wawili wangalikaa pale mpaka magharibi.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme lupu mbili zinaachana kwa kilomita 20, na treni za mizigo zinakwenda kilomita 40 kwa saa. Treni moja itaimaliza sehemu ile kwa nusu saa. Inayotoka upande wa pili itahitaji nusu saa yake. Na kila mara tuongeze dakika 5 za kusogeza reli, kuthibitisha kwamba njia ni tupu na kutoa idhini. Kwenda na kurudi ni dakika 70, na katika siku yenye dakika 1,440 hazitapita ila jozi 20. Lakini lau mahali pamoja tu katika safari nzima lupu imefungwa kwa ubovu, ikawa nafasi baina ya mbili zilizobaki ni kilomita 40, jozi moja itachukua dakika 130, na kwa siku zitapita jozi 11 tu. Wala haitafaa kitu kwamba kwingineko kote lupu ni nyingi na njia ni njema, kwa kuwa treni zote lazima zipite pale pembamba. Ndiyo maana mtaalamu akiulizwa reli fulani ina uwezo gani, hatazami kwanza ukubwa wa vichwa vya treni wala idadi ya mabehewa. Huuliza ni wapi ambapo lupu zimeachana kwa muda mrefu kupita kwingine kote. Wakubwa wengi hupenda kununua vichwa vipya, kwa sababu kichwa kipya huonekana, hupakwa rangi na kukatiwa utepe. Lupu iliyofufuliwa porini haionekani na mtu, nayo pengine ingefaa zaidi.

Tuitazame kazi yenyewe kwa karibu. Treni ya mizigo iliyopangiwa kungoja hupunguza mwendo kabla ya kufika stesheni, na ndimi mbili za chuma zilizochongoka, ambazo huitwa pointi, huwa zimekwisha sogezwa na kubanwa barabara ili kuielekeza pembeni. Magurudumu ya mbele huzipanda kwa mlio mkavu, treni nzima ikajipinda behewa moja baada ya jingine, na dereva huivuta taratibu mpaka behewa la mwisho lipite alama ndogo iliyowekwa baina ya reli mbili, pale zinapoanza kuachana. Alama ile haina umbo la kutisha, lakini ikiwa hata kipembe cha behewa kimebaki nyuma yake, treni itakayopita njia kuu itakikwangua na kuanguka. Kwa hiyo urefu wa lupu nao ni sheria: treni yenye mita 700 haiwezi kujificha katika lupu ya mita 600. Ikiwa mwenziwe ni mfupi, basi mfupi ndiye atakayeingia pembeni na mrefu apite njia kuu, hata kama mfupi ana haki ya kutangulia; na ikiwa wote wawili ni warefu, hapo kupishana ni muhali bila ya kumkata mmoja vipande viwili, kazi ya saa nzima na zaidi. Lupu hiyohiyo ina faida ya pili mwisho wa safari. Treni ya mjini iliyoanzishwa Oktoba 2012, ambayo watu wa Dar es Salaam waliiita Treni ya Mwakyembe kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule, ilikwenda Ubungo kwa reli moja na Mwakanga kwa reli nyingine, na kila ilipofika huko ilibidi irudi mjini. Na treni yoyote inayovutwa na kichwa kimoja, ikifika mwisho wa njia, lazima kichwa kikatwe, kipite njia ya pembeni, kikafungwe upande wa pili, ndipo iweze kurudi.

Juu ya yote hayo iko idhini. Hakuna dereva anayetoka katika lupu kwa kudhani kwamba mbele ni salama. Hutoka kwa sababu amepewa ruhusa ya kuimiliki sehemu ile peke yake, na maadam ruhusa hiyo iko kwake, haipati mwingine yeyote. Taifa hili linajua ni nini hutokea treni mbili zinapojikuta katika kipande kimoja: tarehe 24 Juni 2002, huko Igandu katika Mkoa wa Dodoma, treni ya abiria iliyorudi nyuma mteremkoni pasipo breki iligongana na treni ya mizigo, wakafa watu 281. Na kwa kuwa treni huondoka kwa idhini tu, nawasihi waache wale wanaopita chini ya mabehewa yaliyosimama kwenye lupu ili kufupisha njia ya kwenda sokoni. Treni iliyosimama pale haikulala. Inangoja idhini, na ikisha ipata huondoka bila ya kumwuliza mtu. Kichwa kinapoanza kuvuta, ulegevu ulio katika viungo vya mabehewa hukazwa kimoja baada ya kimoja, hivyo behewa la mwisho hubaki limetulia kwa nukta kadhaa, kisha hushtuka kwa ghafula. Na aliyeinama chini yake, mbali na kichwa, huenda hakusikia sauti yoyote ya kumwonya.

Adhama ya lupu haikupungua kwa kuja kwa reli mpya ya umeme, iliyoanza kuchukua abiria baina ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024 na kufika Dodoma mwezi uliofuata. Watu husema kwamba kipande cha Morogoro kina kilomita 300, ilhali safari yenyewe ni kilomita 205. Zile 95 zilizosalia ni njia za kupishania na za pembeni katika stesheni. Takriban theluthi moja ya chuma kilicholazwa ardhini hakimpeleki abiria mbele hata hatua moja, nami naona fedha ile ilitumika kwa hekima, kwa kuwa chombo kinachoweza kwenda kilomita 160 kwa saa kingekuwa na faida gani kikifika stesheni ya Soga kikangoja saa nzima?

Mwendo huo unatuleta kwenye mizunguko ya namna nyingine, ile ya kupinda. Kila kitu kinachopinda hutaka kwenda moja kwa moja, na nguvu ya kukirudisha huzidi kwa mraba wa mwendo: kwa kilomita 160 kwa saa, katika kona ambayo nusu kipenyo chake ni mita 2,000, abiria husukumwa pembeni kwa takriban sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Hilo ni jepesi, ila lisije kwa mshtuko. Ndiyo maana baina ya njia iliyonyooka na kona yenyewe huwekwa kipande ambacho mpindo wake huongezeka kidogo kidogo. Wenye reli za burudani za Marekani walijifunza jambo hili kwa maumivu. Mwaka 1895 huko Coney Island, New York, walijenga kitanzi cha reli cha duara kamili, ambacho kilimpindua abiria kichwa chini; na katika duara kamili, kwa mujibu wa hesabu, mtu huingia akiwa na uzito wake wa kawaida na mara moja hubebeshwa mara sita yake, hivyo shingo nyingi ziliumia na kitanzi kikaachwa. Mwaka 1976, huko California, mhandisi Mjerumani Werner Stengel alikifanya kitanzi kiwe na umbo la tone la maji, kipana chini na chembamba juu, ili nguvu ipande kwa taratibu, na tangu hapo vitanzi vya namna hiyo vikaenea duniani. Mzazi wa Kinondoni aliyempeleka mwanawe Kunduchi, kwenye mabomba ya kuteleza na maji, amekwisha kuiona nguvu hiyo pale mtoto anapofika kwenye kona akapandishwa ukutani na maji yake. Na huko Mazeras, karibu na Mombasa, reli ya zamani ilipohitaji kupanda kutoka pwani ilijizungusha ikapita juu ya mgongo wake yenyewe, maana kupanda mita 30 kwa mwinuko wa mita moja na nusu katika kila mita 100 hutaka kilomita 2 za reli, na penye ufinyu wa ardhi hakuna pa kuzipata ila kwa kuzunguka.

Barabarani, hikma ya lupu imekwisha ingia katika mabasi ya mwendokasi yaliyoanza Mei 2016 baina ya Kimara na Kivukoni: katika vituo vya Barabara ya Morogoro njia hutanuka ikawa mbili kila upande, ili basi lisilosimama pale lilipite lililosimama. Katika vipilefti hikma hiyo husahauliwa. Uingereza haikupata raha ya vipilefti vyake mpaka mwaka 1966, ilipowekwa kanuni kwamba aliye ndani ana haki na anayeingia angoje. Kabla ya hapo waingiao waliwabana watokao, na mduara ukajifunga wenyewe. Simama kwenye kipilefti cha Kigogo saa kumi na mbili jioni, utayaona yaleyale: gari huingia na hali nafasi ya kutokea haipo, la pili hulifuata lisije likatanguliwa, bodaboda hujaza penye uwazi, na mwishowe trafiki huja kufanya kwa mikono miwili kazi ambayo kungoja kwa nukta kumi kungeifanya.

Lakini lupu iliyo karibu zaidi na maisha ya watu wa Temeke ni ile ya daladala. Asubuhi, gari linalotoka mjini kwenda Mbagala Rangi Tatu huja tupu, nao abiria wa Zakhem, ambao safari yao ni ya mjini, hulipanda likiwa linaelekea mbali na mjini.

“Konda, unageuza?”

“Nageuza. Panda mama, ila nauli mbili.”

Mama hulipa, hupata kiti, hufika mwisho wa njia bila ya kushuka, akarudi. Gari huwasili Rangi Tatu viti vimekwisha jaa, na waliopanga foleni tangu alfajiri huliona likigeuka mbele yao. Siku ya pili baadhi yao nao hurudi nyuma kituo kimoja ili wageuze, na mwanzo wa njia ukahama. Simlaumu abiria, kwani anayenunua kiti kwa nauli mbili ananunua saa moja na nusu ya kutosimama kwa mguu mmoja. Simlaumu sana hata konda. Mara nyingi mahali pa kugeuzia ni ukingo wa barabara, ambapo kushuka, kugeuka na kupanda hufanyika katika mita 30 zilezile, na hakuna awezaye kuwatenga wanaofika na wanaoondoka. Penye uwanja wa kutosha gari huwashusha wote langoni, huzunguka tupu, likasimama mbele ya foleni. Utaratibu huo hautaki mitambo, wataka ardhi tu.

Na ardhi bado ipo Chanika, Mabwepande na Kongowe, ila inakwisha kwa kasi. Nawaomba wapima viwanja na madiwani wa huko, kabla ya kuchora kiwanja cha mwisho cha nyumba, watenge mwishoni mwa kila barabara ya daladala eneo la kugeuzia, walipatie hati yake na waliwekee mawe ya mipaka, maana likisha jengwa maduka, kulirudisha kutahitaji fidia na kesi za miaka mingi.