Fahali Mnene na Uzazi wa Shida

Wengi wetu humpima ng'ombe kwa macho. Twatazama nundu, mgongo na mapaja, kisha twasema huyu ana nyama, yule hana. Lakini yako mambo katika umbile la mnyama yasiyoonekana kwa macho, na haya twapenda kuwaeleza wasomaji wetu, hasa vijana wanaotaka kufuga na ambao masikio yao yamejaa sifa za mafahali wa Ulaya.

Huko Ubelgiji iko mbegu ya ng'ombe iitwayo Belgian Blue. Amwonaye fahali wake kwa mara ya kwanza hudhani amevimba kwa maradhi: mapaja yamefura, mabega yametuna, na ngozi imelala juu ya minofu karibu bila ya shahamu. Wafugaji wa huko waliwachagua ng'ombe hao miaka mingi pasipo kuijua sababu, hata ulipofika mwaka wa 1997. Mwaka huo Alexandra McPherron na Se-Jin Lee, wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins huko Marekani, walieleza habari za protini iitwayo mayostatini, ambayo kazi yake ni kuuzuia msuli usikue kupita kiasi. Kisha, katika mwaka uo huo, ikabainika kwamba Belgian Blue wamepungukiwa na herufi 11 katika jeni ya protini hiyo.

Jeni ni chembe za urithi, nusu hutoka kwa baba na nusu kwa mama, nazo zafanana na maandishi. Kila mwanafunzi wetu ajua kwamba nukta moja ikianguka neno huwa jingine. Hapa zimeanguka herufi 11 katika mabilioni, na amri ya kuuambia msuli "basi" haisomeki tena. Ng'ombe hupata minofu zaidi kwa kadiri ya asilimia 20, nayo ni laini.

Lakini nani hulipa? Hulipa mama. Ndama huwa mnene tangu tumboni, na nyonga za jike wa mbegu hiyo ni nyembamba. Kwa hiyo Ubelgiji zaidi ya ndama tisa katika kumi wa Belgian Blue halisi hutolewa kwa kupasuliwa. Huko daktari yu karibu. Mfugaji wa kwetu, ambaye daktari wa mifugo yuko mwendo wa siku nzima, atafanya nini jike lake dogo likishindwa kuzaa usiku? Ni kweli kwamba ndama wa kuchanganya hupokea nakala moja tu ya kasoro hiyo, na shida yake ni ndogo kuliko ya mbegu halisi. Lakini kuitia kwa mtamba asiyezaa bado twaona ni kucheza na roho ya mnyama.

Ulaini wa nyama nao una urithi wake. Baada ya kuchinja, iko protini iitwayo kalpaini ambayo hukatakata nyuzi za msuli taratibu, na nyingine, kalpastatini, huizuia. Ng'ombe wa nundu, kama Brahman, wana zaidi ya kizuizi hicho, na nyama yao huelekea kuwa ngumu. Ikitundikwa mahali pa baridi siku kadhaa hulainika. Kwetu ng'ombe huchinjwa alfajiri, na adhuhuri yumo chunguni. Basi wapishi wetu hulaumiwa bure! Wala tusiwadharau ng'ombe wa nundu, kwani urithi uo huo huwapa kustahimili jua na kupe, mahali ambapo mgeni wa Ulaya hudhoofika.

Tena urithi si wote. Katika kundi moja, tofauti ya kukua yatokana na urithi kwa kadiri ya thuluthi. Sehemu kubwa ni malisho, maji na maradhi.

Anunuaye fahali mwenye minofu ya namna hiyo, au mbegu yake, na amuulize muuzaji kwanza ndama wake huzaliwaje, ndipo aulize uzito. Siku hizi nywele chache za mkia, zikiwa na mashina yake, zatosha kupimwa maabara na kujulikana kama mnyama ana nakala mbili za kasoro ile, au moja, au hana.