Je, Wajua? Chuma Kinachochapwa

Je, wajua kwamba kifaa cha chuma siku hizi huchapwa? Mashine hutandaza unga wa chuma, leza ikayeyusha pale panapotakiwa tu, kisha unga mwingine juu yake. Tabaka likiwa na unene wa milimita 0.04, kifaa cha kimo cha sentimita 10 huhitaji matabaka 2,500.

Wajua kwamba kifaa hicho hutoka mashineni kikiwa na mvutano mkubwa ndani yake? Kila tabaka hupoa ghafla, likasinyaa na kuvuta yaliyo chini. Ukikibandua mapema kwenye bamba kilipojengwa, kinaweza kupinda papo hapo. Ndiyo maana mafundi hukitia kwanza tanurini pamoja na bamba lake, ili mvutano huo ulegee.

Wajua kwamba ipo feleji yenye nikeli asilimia 18 ambayo karibu nusu ya nguvu zake hupatikana baada ya kuchapwa? Ikitoka kwenye leza hustahimili mvuto wa megapaskali 1,100 hivi. Ipike saa 6 kwa nyuzi 490 za Selsiasi, itakaribia 2,000! Joto hilo halitoshi hata kuifanya iwe nyekundu, wala hakuna kinachoongezwa. Molibdeni na titani zilizokuwemo tangu mwanzo huungana na nikeli kuwa chembe ndogo mno, nazo huzuia safu za atomu zisiteleze.

Feleji nyingine, yenye shaba asilimia 4 hivi, hupikwa kwa nyuzi 482. Mbona namba ya ajabu hivyo? Wamarekani walipima 900 za Farenhaiti, basi.

Wajua kwamba vitundu vilivyobaki ndani huzibwa kwa gesi? Kifaa hufungiwa kwenye chombo chenye joto la zaidi ya nyuzi 1,100 na kanieneo takriban mara 1,000 ya hewa tunayovuta. Njia hii ilibuniwa mwaka 1955 katika taasisi ya Battelle, Ohio, kwa ajili ya fueli ya nyuklia. Kitundu kilichotoboka hadi nje hakizibiki, kwa kuwa gesi huingia humo humo.

Na wajua kwamba moto huweza kudhoofisha? Mwaka 2017 watafiti wa Lawrence Livermore, Marekani, walionyesha kuwa feleji isiyoshika kutu aina ya 316L, ikichapwa vizuri, huwa imara mara mbili hadi tatu kuliko ya kawaida. Ukiipasha hadi nyuzi 1,050 hivi, sehemu kubwa ya faida hiyo hupotea.

Ukiuziwa kifaa kilichochapwa, usiulizie mashine kwanza. Uliza ni feleji gani, na ilipikwa kwa nyuzi ngapi.