Rangi ya Dawa Siyo Nguvu ya Dawa

Wiki iliyopita mama mmoja wa hapa Boko alinisimamisha njiani na chupa mbili za artemisia aliyoiloweka kwenye pombe kali. Moja kijani iliyokolea, nyingine imefifia. "Bwana shamba, hii ya kijani si ndiyo kali?"

Nikamwambia: mama, kwa macho hatuwezi kujua. Kijani kile ni klorofili, rangi ya kawaida ya jani lolote. Kiini kinachoua vimelea vya malaria, artemisinini, hakina rangi. Kikitengwa ni chembe nyeupe. Uchungu nao siyo kipimo, maana jani lina vitu vingine vichungu.

Maabara wanajuaje? Tone la dawa husukumwa kwa pampu kwenye mrija uliojazwa unga maalumu. Kila kemikali hutoka kwa wakati wake, na mashine huichora kama kilima. Kilima hicho hulinganishwa na cha artemisinini safi ambayo kiasi chake kinajulikana. Kipimo hiki huitwa HPLC.

Tofauti siyo ndogo. Majani makavu gramu 100 yanaweza kuwa na artemisinini gramu 1 na zaidi, au isifike hata gramu 0.1. Chupa zote mbili zitakuwa kijani vilevile!

Nguvu hiyo inaanzia shambani:

- Mbegu: artemisia huchanua siku zikiwa fupi, na kwetu mchana ni kama saa 12 mwaka mzima. Mbegu ya kuokoteza huchanua ingali fupi, majani machache. Tafuta mbegu iliyochaguliwa inayochelewa kuchanua.
- Kuvuna: vuna kabla tu haijachanua.
- Kukausha: kivulini, penye hewa.

Sasa lililonishtua. Mama alitaka kumpa mtoto wa jirani mwenye homa. Hapana! Dozi isiyojulikana inaweza kupunguza homa huku vimelea vikibaki. Hata WHO, mwaka 2019, walisema hawaungi mkono artemisia ya majani kutibu malaria. Mtoto apelekwe zahanati, apimwe, na akikutwa na malaria apewe dawa mseto.

Unataka kuuza dawa ya asili? Anzia Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002. Chupa isiyopimwa usiiite dawa, hata kama ni kijani namna gani.

Mtoto alipelekwa zahanati jioni ileile. Chupa bado ziko kabatini kwa mama.